Uzinduzi wa Sinki la Kuoshea Chupa, Ghorofa ya Pili

Mheshimiwa mgeni rasmi, Katibu Msaidizi kutoka makao makuu, uliyeacha majukumu mazito ukapanda ghorofa mbili kwa miguu yako mwenyewe kwa sababu lifti yetu iko kwenye mchakato. Waheshimiwa wakuu wa vitengo. Waheshimiwa makaimu wakuu wa vitengo, pamoja nanyi mnaokaimu nafasi za makaimu walio likizo. Mwenyekiti wa Kamati ya Chupa. Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Mdomo wa Chupa, ambaye kazi yake nitaieleza kwa kirefu. Makarani wa masjala, ambao bila ninyi mafaili yetu yasingepotea kwa mpangilio. Madereva, walinzi, dada yetu wa mapokezi. Nesi wa zahanati ya ghorofa ya chini, ambaye barua zake tatu nilizipokea na zote nikazigonga mhuri. Fundi bomba wetu, ambaye naona amechagua kusimama karibu na mlango. Mama wa chai, ambaye leo kwa heshima ya pekee tumempa kiti. Wageni waalikwa, na ninyi wengine mliosikia kuna soda: itifaki imezingatiwa, na kama kuna cheo nimekiruka, mwenye nacho ajihesabu ametajwa. (Makofi. Mtu mmoja anauliza kama soda ziko baridi.)

Nasimama mbele yenu kama Mkurugenzi wa Ustawi wa Watumishi, Usafi Mtambuka na Mambo Mengineyo, nikiwa na furaha isiyo kifani, kwa kuwa leo, katika korido hii hii, mbele ya pazia hili la bluu mnaloliona, tunazindua Kituo cha Kisasa, Jumuishi na Endelevu cha Kuoshea Chupa za Maji za Watumishi, ambacho wengine wenu, kwa kukosa semina, mmekuwa mkikiita sinki. Naomba neno hilo lisitumike tena ndani ya jengo hili. Sinki ni kitu cha kuoshea vikombe, mtu anafungua bomba na kufunga, basi. Hiki ni kituo.

Kwa faida ya mgeni rasmi nianze na usuli. Huko nyuma, yaani mwaka juzi, watumishi wa jengo hili walikuwa wakinywa maji kwa glasi za pamoja, zilizokuwa zikioshwa katika chumba cha chai, na mtu akishakunywa anaweka glasi mezani na kurudi kazini, jambo ambalo wataalamu walilitazama wakaliona halina mkakati wowote ndani yake. Ofisi yangu ikaona mbali. Tukaja na programu ya Mtumishi Mmoja, Chupa Moja, na kila mtumishi akakabidhiwa chupa ya plastiki ngumu ya lita moja, yenye nembo ya idara, kifuniko chenye mrija, na namba ya usajili kwa wino usiofutika. Tuligawa chupa mia tatu na kumi na mbili kwa watumishi mia tatu, sawa na mafanikio ya asilimia mia moja na nne. (Makofi. Karani mmoja wa masjala ananong'ona kwamba yeye hajapata hadi leo.)

Baada ya mafanikio hayo, ndugu zangu, likazuka swali ambalo idara nyingine zingelikimbia, lakini sisi tulilikabili kifua mbele: chupa hii ni ya nani, na nani aioshe? Mwanasheria wetu alitoa ushauri wa kurasa tisa kwamba nje ya chupa, kwa kuwa ina nembo na namba, ni mali ya ofisi, na kuiosha kunahitaji kibali. Ndani ya chupa, kwa kuwa ndimo mtumishi anamonywea, ni eneo lake binafsi, na ofisi haiwezi kuingiza brashi humo bila ridhaa yake ya maandishi. Ukabaki mdomo wa chupa, pale ambapo nje na ndani vinakutana. Hapo ndipo tulipounda Kamati Ndogo ya Mdomo wa Chupa, ambayo mpaka ninapozungumza imekaa vikao kumi na saba, na ingawa haijafikia mwafaka, nawapongeza wajumbe wake kwa kufikia hatua ya kutofautiana kwa heshima. Naomba wasimame tuwaone. (Wajumbe watano wanasimama. Wawili hawatazamani.)

Wakati kamati ikiendelea na kazi, tulifanya utafiti wa kina kuhusu mitazamo ya watumishi juu ya vijidudu, na hapa naomba niwasifu, maana tulikuta hazina kubwa ya fikra. Karani mkuu wa masjala, mzee wetu wa miaka thelathini kazini, alituambia hivi: "Maji ndiyo yanaosha kila kitu. Sasa mnataka maji yaoshwe na nini?" Watafiti walirudi ofisini wakaitisha kikao cha dharura. Dereva wetu wa basi la watumishi yeye huiacha chupa yake juu ya dashibodi, anasema jua linavichemsha humo humo, na usipofungua kifuniko mvuke unamalizia vilivyobaki. Mhasibu anainusa kwanza. Kama hajapiga chafya, anakunywa. Mlinzi wa zamu ya mchana hufuta mdomo wa chupa kwa mkono wa shati, mara moja tu, kisha anampa mwenzake, na tulipomuuliza kuhusu maambukizi alijibu, "Huyu ni ndugu yangu, vijidudu vyake navijua." Na dada yetu wa mapokezi, anayeweka juisi asubuhi, maji mchana na chai ya maziwa jioni, bila kuisumbua chupa katikati, alipoonyeshwa ule utando wa kijani ulioota ndani ya mrija, alisema ule ni uthibitisho kwamba chupa ni imara, kwa sababu chupa mbovu kitu hakiwezi kuota. (Kicheko. Dada wa mapokezi anaifunika chupa yake kwa mtandio.)

Mnacheka, lakini mawazo haya yote tumeyaingiza kwenye mpango kazi chini ya kipengele cha maarifa ya jamii. Sisi si watu wa kudharau.

Nesi naye alitoa mchango wake. Katika barua ya kwanza alisema, nanukuu, "Chupa ioshwe kila siku kwa maji moto, sabuni na brashi. Kifuniko kifunguliwe, ule mpira wa ndani utolewe, mrija usuguliwe. Kisha iachwe wazi ikauke." Mwisho wa kunukuu. Mistari miwili, ndugu zangu! Mtaalamu aliyesoma, anaandika mistari miwili! Hatukumwacha peke yake. Tuliichukua mistari hiyo tukaenda nayo kwenye warsha ya siku tano, nje ya ofisi, mahali penye utulivu, na ikarudi ikiwa andiko la kurasa themanini na nne, lenye dira, dhima, malengo mahususi kumi na mawili na viambatisho. Sabuni inatajwa ukurasa wa sabini na tisa. ("Na brashi?" anauliza nesi.) Brashi iko kwenye awamu ya pili, dada. Twende taratibu.

Sasa, kwa kuwa mimi ni mtu wa uwazi, lazima niseme pia kuhusu hali iliyokuwepo kabla ya mradi. Ilikuwepo huduma isiyo rasmi. Mama wa chai, huyu hapa, alikuwa na tabia, siwezi kuiita zaidi ya hapo, ya kupokea chupa za watumishi kwenye dirisha la chumba cha chai. Mtu anaiacha chupa asubuhi anapopita, mama anachemsha maji kwenye birika, anakoroga sabuni, anachukua brashi yake yenye mpini mrefu, aliyoinunua mwenyewe bila kufuata taratibu za manunuzi, anasugua ndani, nje na mdomoni, yaani anavuka mipaka yote mitatu ya kisheria bila hata kujua, halafu anazipindua juu ya taulo, na saa nne mtumishi anachukua chupa yake. Hapakuwa na fomu wala rejista. Hapakuwa na mtu wa kumwajibisha endapo chupa ingetakata kupita kiasi. Miaka kumi na moja, mheshimiwa mgeni rasmi, mtu anaosha glasi, vikombe na sasa chupa za watu na hayumo kwenye muundo wowote kama mwoshaji. Muundo unamtambua kama mpika chai. (Makofi kutoka nyuma, ya kumpigia mama wa chai. Mkurugenzi anadhani ni yake, anainama kidogo.)

Asanteni. Miezi saba iliyopita, ili kukipisha Kituo, tulichukua hatua madhubuti. Tuliling'oa sinki la chumba cha chai, tukaliziba bomba lake kwa saruji ili maji yasije yakaingilia ujenzi, na tukaliondoa lile dirisha. Tangu siku hiyo watumishi wameonyesha ubunifu wa hali ya juu: wengine wanasukutua chupa kwa maji ya kunywa yaliyobaki humo humo, wengine wanatikisa na mchele mkavu, na wengine, naambiwa, wanatumia bomba la kunawia mikono kule chooni, ambalo limejaa foleni mpaka wenye haja zao wanapita kwa kuomba radhi.

Na takwimu zinaongea zenyewe. Kabla ya hatua hiyo, zahanati ilikuwa ikipokea wagonjwa wanne wa tumbo kwa mwezi. Wanne tu! Watumishi mia tatu, zahanati ya bure, nesi mwenye diploma, na wanaojitokeza ni wanne. Leo hii, mheshimiwa mgeni rasmi, tunapokea wagonjwa sitini na watatu kwa mwezi, na hilo linaonyesha jinsi mwamko wa watumishi wetu wa kutumia huduma za afya ulivyopanda maradufu. (Makofi machache. Nesi amejishika kichwa.) Karani mkuu wa masjala, yule mzee niliyemnukuu, alikwenda mbali zaidi akalazwa hospitali siku nne akiwekewa dripu, na hadi leo anatembea ameshika ukuta. Tunamwombea. Kiti chake kile pale, tumekiacha wazi kwa heshima, ila tafadhali yule aliyeweka mkoba autoe. (Mkoba unatolewa.)

Katika kipindi hicho mama wa chai alikuja ofisini kwangu. Sikumwita, alikuja. Akasimama mlangoni na aproni yake, akaniambia, "Mkurugenzi, watu wanaumwa. Mimi sitaki kituo. Nirudishie bomba langu tu, moja, hata kama linatoa maji kidogo kidogo." Ndugu zangu, nilisikitika. Nilisikitika kuona mtu anapewa maendeleo anaomba bomba. Nilimketisha, nikamwelimisha, nikampa nakala ya andiko. Alifungua, akatafuta picha, hakuziona, akaniachia mezani. Ndipo tulipoona, kwa kuzingatia kwamba Kituo kitajiendesha chenyewe, hakuna haja ya kuendelea kumchosha mama huyu kwa umri wake, na barua yake ya kusitishwa kwa kazi inaanza kutumika leo, mara tu baada ya pazia kufunguliwa. Ndiyo maana amepewa kiti. ("Aaah!" kwa sauti kubwa kutoka kwa madereva. Mama wa chai anakunja mikono, anaangalia mbele.)

Tulieni. Tulieni jamani, hamjasikia Kituo chenyewe kikoje. Kituo kina mabomba matatu: la maji moto, la maji ya vuguvugu, na la maji ya kufikirika, samahani, maji yaliyochujwa, nimesoma vibaya. Kina uwezo wa kuosha chupa elfu moja kwa saa, na ingawa chupa zetu ni mia tatu na kumi na mbili, tumejipanga kwa ukuaji. Mtumishi anayetaka kuosha chupa ataingia kwenye mfumo wa kidijitali siku tatu kabla, ataeleza sababu, ataambatisha picha ya uchafu, na msimamizi wake akiridhia atatumiwa namba ya siri. Akifika hapa ataweka kidole kwenye mashine imtambue. Kwa sababu za usafi, anatakiwa awe amenawa kabla ya kuweka kidole, na kwa sababu za usalama, bomba la kunawia litafunguka baada ya kuweka kidole. Wataalamu wanalifanyia kazi jambo hilo. (Fundi bomba ananyoosha mkono.) Maswali mwishoni, fundi. ("Si swali, mkurugenzi. Ni taarifa tu kuhusu huko nyuma ya pazia.") Taarifa zipitie kwa mkuu wako wa kitengo. ("Mkuu wangu wa kitengo yuko zahanati, anaumwa tumbo.") Basi zipitie kwa anayekaimu! (Kicheko kirefu.)

Na nitumie fursa hii adhimu kuvitahadharisha vijidudu popote vilipo, kwenye mirija, kwenye mipira ya vifuniko, kwenye zile kona za chini ambako brashi ya kawaida haifiki: zama zenu zimekwisha. Mlizoea kuwaona watumishi wetu wakisukutua na kumwaga, mkadhani hapa hapana mwenyewe. Kuanzia leo mtafuata sheria, na mtakaoshindwa mtaondoka kwenye jengo hili bila kiinua mgongo. Serikali ina mkono mrefu, unaingia hata kwenye chupa ya mdomo mwembamba. (Makofi. Mgeni rasmi anatikisa kichwa kwa kuridhika na kutazama saa.)

Sasa tuitikie kaulimbiu, kwa nguvu, mpaka ghorofa ya nne wasikie. Nikisema "Chupa safi," mtasema "Tumbo tulivu." Chupa safi! ("Tumbo tulivu," kwa sauti hafifu.) Sijasikia. Chupa safi! ("Bomba liko wapi!" wanaitikia madereva.) Siyo hivyo. Kijidudu! ("Kiko palepale!") Naona mmechangamka, hiyo ni dalili ya umiliki wa mradi. Mheshimiwa mgeni rasmi, karibu uvute kamba, na naomba ukishavuta ubaki hapo ulipo, usisogee mbele, kwa sababu za kiusalama. (Mgeni rasmi anavuta kamba. Pazia linafunguka. Makofi yanaanza, yanapungua, yanakoma. Mgeni rasmi anasogea mbele, anaweka chupa yake chini ya bomba la kati na kujaribu kulizungusha. Kidole chake kinateleza ukutani na kurudi na rangi ya kijivu.)

Nilisema usisogee, mheshimiwa. Haijakauka.

Basi, nimalize kwa shukrani, maana mtu asiyeshukuru hatendewi tena. Kwanza namshukuru mchoraji wa mabango, ambaye kwa siku nne, bila kulala vizuri, amechora ukutani mabomba matatu, beseni la chuma, na mvuke unaotoka kwenye maji moto. Huo mvuke hatukuuomba, kauongeza kwa mapenzi yake. (Mchoraji, juu ya ngazi, anapunga mkono.) Namshukuru mzabuni wa Kituo, atakayepatikana, kwa moyo atakaouonyesha. Naishukuru Kamati ya Chupa kwa kukubali kuzindua kwanza na kujenga baadaye, kwa kuwa wageni wa makao makuu hupatikana kwa nadra kuliko mafundi. Namshukuru fundi bomba, aliyetufahamisha juzi kwamba saruji tuliyozibia imeshika mpaka kwenye bomba kuu, na kwamba ukuta huu hautoi maji tena hata tukiubomoa. Tumeipokea taarifa hiyo. (Fundi bomba: "Ndiyo hiyo niliyotaka kuisema." Mtu mmoja anacheka, hapati mwenzake.)

Na mwisho, kwa namna ya pekee, namshukuru mama wa chai. Mama huyu, hata baada ya sinki kung'olewa, ameendelea kila asubuhi, kwa maelekezo ya mdomo, kubeba ndoo kutoka jengo la jirani, kupanda nayo ngazi kwa kuwa lifti iko kwenye mchakato, na kuosha kwa maji moto na sabuni chupa moja, moja tu, akitoa mpaka ule mpira wa kifuniko na kuuanika dirishani, chupa ambayo kwa sababu za kiitifaki sitasema ni ya nani. (Watumishi wote wanaitazama chupa iliyo mbele ya Mkurugenzi. Inang'aa.) Msiitazame hivyo. Mimi tumbo langu ni jepesi tangu utotoni, mama yangu mzazi anajua, likiguswa tu nalala wiki. Naogopa, ndugu zangu. Kwani kuogopa ni kosa? Kusoma nimesoma, andiko nimeliandika mimi, najua kilichomo kwenye mrija.

Kwa hiyo, mama, pamoja na kwamba Kituo kimeshazinduliwa na barua yako imeanza kutumika tangu pazia lilipofunguka, naomba kesho uje saa mbili kama kawaida, nje ya muundo, kwa hii moja tu, mpaka hapo tutakapoona utaratibu.

(Mama wa chai anasimama. Anafungua aproni, anaikunja mara mbili, anaiweka juu ya kiti walichompa. "Kesho sipo, mkurugenzi," anasema. "Si umeshanishukuru?" Anatoka kwa mlango wa ngazi. Nesi anamfuata, kisha madereva, kisha masjala yote.)

Asanteni... asanteni sana kwa kunisikiliza. Soda zitagawiwa. (Anaichukua chupa yake, anaifungua, anatazama ndani, anaifunga.) Samahani, kabla hamjaondoka wote, kuna mwenye maji ya dukani, ambayo hayajafunguliwa?